Helmeti ya pikipiki: ECE, DOT, Snell na ISI. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na waendeshaji wa Nyanda za Juu Kusini

Kijiweni wanaiita elementi, dukani helmeti, kwenye maandishi ya serikali kofia ngumu. Ni kitu kilekile, na maswali kuhusu kitu hicho ni yaleyale kuanzia Mwanjelwa hadi Makambako, Mafinga na Iringa mjini: hii alama ina maana gani, ipi ni feki, na ipi itakilinda kichwa pale mtu atakapodondoka kweli. Majibu mengine hapa chini ni marefu na mengine ni mafupi, kwa kadiri swali lenyewe linavyohitaji.

Alama ya ECE, DOT, Snell au ISI inaniambia nini hasa?

Inakuambia helmeti ya aina hiyo ilipimwa kwa utaratibu upi, na nani anawajibika kwa matokeo. Alama haikuambii kwamba helmeti uliyoishika mkononi ni nzima, wala kwamba inakutosha.

ECE ni kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa, inayotumika Ulaya na katika nchi nyingine nyingi. Helmeti hupelekwa kwanza kwenye maabara inayotambuliwa na serikali ya nchi husika, ikifaulu inapewa namba ya idhini, ndipo inauzwa. Hata baada ya hapo, sampuli za kila kundi linalotoka kiwandani hupimwa.

DOT ni kiwango cha Marekani, jina lake kamili FMVSS 218, kilichoanza kutumika mwaka 1974. Hapa mtengenezaji mwenyewe ndiye anayetamka kwamba helmeti yake inatimiza sheria na kubandika alama. Serikali haiipimi kabla ya kuuzwa. Baadaye hununua baadhi madukani na kuzipeleka maabara. Kwa Marekani yenyewe utaratibu huo una meno, kwa sababu kampuni inaweza kulazimishwa kuzirudisha helmeti zake. Kwa helmeti iliyotengenezwa kwingine na kuletwa huku moja kwa moja, hakuna ofisi ya Marekani inayoifuatilia. Ndiyo maana stika ya DOT ndiyo rahisi kuliko zote kughushi.

Snell ni taasisi binafsi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1957, ikapewa jina la William "Pete" Snell, dereva wa mashindano ya magari aliyefariki mwaka 1956 kwa kuumia kichwa. Mtengenezaji hujipeleka kwa hiari. Vipimo vyake ni vikali na helmeti zake ni ghali, hivyo kuikuta halisi katika maduka ya kawaida ya Mbeya ni nadra.

ISI ni alama ya India, kiwango IS 4151. Pikipiki nyingi tunazotumia, Boxer na TVS, zinatoka India, kwa hiyo helmeti za ISI si ngeni huku. Tangu tarehe 1 Juni 2021 India imepiga marufuku kuuza helmeti ya pikipiki isiyo na alama hiyo. Ikiwa halisi, chini yake kuna namba ya leseni inayoanza na CM/L.

China nayo ina GB 811. Toleo la mwaka 2022, lililoanza kutumika Julai 2023, linagawa helmeti katika kundi A la pikipiki na kundi B la baiskeli za umeme. Ukikutana na helmeti nyepesi yenye herufi B, iache. Haikutengenezwa kwa pikipiki.

Kati ya hizo, nichague ipi?

Kwa mwendeshaji wa huku, tafuta ECE 22.06, toleo jipya la ile kanuni namba 22. Ukiikosa, ECE 22.05 halisi inafaa. Ukikosa zote mbili, ISI yenye namba ya leseni ni bora kuliko helmeti yenye stika ya DOT ambayo asili yake haijulikani. Jibu hili halina maana kwamba DOT ni kiwango kibaya. Sababu ni kwamba ECE unaweza kuisoma na kuikagua wewe mwenyewe ukiwa umesimama dukani, na kwamba inapima vitu viwili ambavyo DOT haivigusi kabisa: sehemu ya kidevu na kioo.

Vipimo vyenyewe vinatofautianaje?

Kote huko kichwa bandia cha chuma huvishwa helmeti, hudondoshwa juu ya chuma, na kifaa kilichomo ndani ya kichwa hicho husoma mshtuko. Tofauti ziko kwenye mwendo, umbo la chuma kinachopigwa, na kiwango cha mshtuko kinachoruhusiwa.

DOT hudondosha kwa mita 6 kwa sekunde juu ya chuma bapa na mita 5.2 kwa sekunde juu ya chuma cha mviringo kama nusu ya mpira. Kila sehemu hupigwa mara mbili mfululizo. Mshtuko usizidi g 400, na usikae juu ya g 200 kwa zaidi ya milisekunde 2. Kisha kuna kipimo cha kutoboa: chuma chenye ncha, chenye uzito wa kilo 3, huachiwa kutoka mita 3.

ECE 22.05 hudondosha kwa mita 7.5 kwa sekunde juu ya chuma bapa na juu ya chuma chenye umbo la ukingo wa barabara. Mshtuko usizidi g 275. Kuna hesabu nyingine pia, HIC, inayopima mshtuko pamoja na muda wake, nayo isizidi 2,400. Kidevu cha helmeti ya uso mzima hupigwa kwa mita 5.5 kwa sekunde. Kipimo cha kutoboa hakimo.

Kile chuma cha ukingo tukitilie maanani sisi wa huku. Ukiangalia kingo za zege na mitaro ya barabara kuu kutoka Uyole kupita Mafiati hadi Iyunga, utaona jinsi ilivyo rahisi anayedondoka kukutana na zege lenye pembe.

Mita 7.5 kwa sekunde ni kama kilomita 27 tu kwa saa. Mimi natembea 80. Si utani huo?

Ni swali zuri, na linawachanganya wengi. Ukidondoka kutoka kwenye pikipiki inayokwenda 80, kichwa chako kina mwendo wa aina mbili: ule wa mbele, sambamba na lami, na ule wa kushuka chini. Unaokandamiza helmeti kwenye lami ni wa kushuka, na huo unategemea kichwa kimeshuka kutoka urefu gani. Mita 7.5 kwa sekunde ni mwendo wa kitu kilichodondoka kutoka karibu mita 2.9. Kichwa cha mtu aliyekaa kwenye Boxer hakifiki hata mita 2.

Mwendo wa mbele ndio unaokuburuza na kukuzungusha, na ukikutana na nguzo, gari au ukuta wa daraja ndio unaoua. Hakuna helmeti iliyotengenezwa kuzuia kilomita 80 kwa saa dhidi ya nguzo. Ukishuka Kitonga huku malori yakipanda, mwendo wako ni ulinzi ambao helmeti haiwezi kuchukua nafasi yake.

Hiyo "g" ni kitu gani, na tofauti ya 275 na 400 ina uzito?

g moja ni nguvu ya uzito wako wa kawaida. g 275 maana yake kichwa kinasimamishwa kwa nguvu ya mara 275 ya uzito wake, kwa muda mfupi mno.

Chukua hesabu rahisi. Kichwa kinashuka kwa mita 7.5 kwa sekunde. Bila helmeti, kinasimama ndani ya milimita chache za ngozi na mfupa; tuseme milimita 2, mshtuko unazidi g 1,400. Sasa weka povu gumu linalobonyea sentimita 2.5. Wastani wa mshtuko unashuka hadi karibu g 115, na kilele chake kinakuwa juu zaidi ya hapo. Kazi nzima ya helmeti imo katika hizo sentimita mbili na nusu. Gamba la nje linasambaza pigo na kuzuia vitu vyenye ncha, lakini kinachookoa ubongo ni lile povu jeupe au jeusi lililo chini ya kitambaa, la aina ileile inayofungia televisheni mpya, ila limeshindiliwa zaidi.

Ndiyo maana helmeti iliyo na gamba na sponji laini pekee haina kazi. Bonyeza ndani kwa kidole gumba. Sponji ikizama hadi ukagusa plastiki, umeshika ndoo.

ECE 22.06 imeongeza nini? Ninayo ya 22.05, niitupe?

Usiitupe kwa sababu hiyo. Toleo la 06 lilianza mwaka 2021, na tangu Januari 2024 viwanda vinavyofuata kanuni hiyo havitengenezi tena 05. Helmeti za 05 zilizokwisha kutengenezwa bado zinalinda kama zilivyolinda zamani.

Jipya kubwa ni pigo la mshazari. Kichwa kinapogonga lami kwa pembe kinazungushwa ghafla, na mzunguko huo huchana mishipa midogo ndani ya ubongo hata fuvu likiwa zima. Katika 06 helmeti hupigwa kwa mita 8 kwa sekunde juu ya chuma kilichoinama nyuzi 45, na kasi ya mzunguko inapimwa. Pigo la kawaida nalo limeongezewa ndugu wawili: moja la mita 8.2 kwa sekunde kwa ajali kali, na jingine la mita 6. Hilo la polepole linashangaza wengi, lakini lina sababu. Zamani mtu aliweza kutengeneza povu gumu mno linalofaulu pigo kali, huku katika ajali ndogo halibonyei hata kidogo na kichwa kinabeba mshtuko wote. Sasa povu lazima lifae kote. Maabara pia inaweza kupiga pointi za ziada ambazo mtengenezaji hajui mapema kama zitachaguliwa.

Kioo cha 06 hupigwa na gololi ya chuma ya milimita 6 kwa mwendo wa mita 60 kwa sekunde. Anayefuata lori la mizigo la kwenda Tunduma anajua kokoto inavyoruka.

Lebo ya ECE inasomwaje?

Fungua mkanda wa kidevu uukague. Lebo ni kitambaa kilichoshonwa pale, mara nyingi cheupe. Fuata hivi:

1. Tafuta duara lenye herufi E na namba. Namba ni ya nchi iliyotoa idhini: E1 Ujerumani, E2 Ufaransa, E3 Italia, E4 Uholanzi, E9 Hispania, E11 Uingereza. Si nchi ya kiwanda. Helmeti iliyotengenezwa China ikiwa na E3 si kosa.
2. Soma namba ya idhini. Ikianza na 05 ni toleo la 22.05, ikianza na 06 ni 22.06. Ikianza na 04 ni ya zamani sana, iache.
3. Baada ya mkwaju (/) kuna herufi. P ni uso mzima na kidevu kimepimwa. J ni helmeti ya wazi. NP maana yake kuna kidevu lakini hakilindi, ni pambo. Ile inayofunuka, ikiwa na P na J pamoja, imepimwa ikiwa imefungwa na ikiwa wazi.
4. Mwisho ni namba ya uzalishaji. Chukua helmeti tatu za aina moja rafuni. Zote zikiwa na namba moja hadi tarakimu ya mwisho, lebo zimechapwa kwa mkupuo na hazina maana.

Lebo iliyobandikwa kwa gundi nyuma ya gamba ikiandikwa tu "ECE" au "CE" si idhini. Hasa CE: ni alama nyingine kabisa ya bidhaa za Ulaya, na helmeti ya pikipiki haihitaji hiyo.

Na DOT feki naijuaje?

Tangu Mei 2013 alama halali ya nyuma inapaswa kuwa na jina la mtengenezaji na la modeli, neno DOT, maandishi "FMVSS No. 218" na chini yake "CERTIFIED". Stika yenye herufi tatu peke yake ni ya zamani au ya uongo. Ndani lazima kuwe na lebo nyingine yenye saizi, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na aina ya gamba.

Baada ya hapo acha stika, pima kitu chenyewe. Povu gumu liwe na unene wa karibu sentimita 2.5. Uzito wa helmeti ya kweli kwa kawaida unakaribia kilo moja na nusu. Iliyo chini ya nusu kilo haiwezi kuwa na povu la kutosha. Mkanda uwe umefungwa kwa ribiti imara za chuma. Nje pasiwe na kitu kigumu kinachochomoza zaidi ya milimita 5: pembe, miiba na mikia ya plastiki inayouzwa kama urembo hukamata lami na kukizungusha kichwa.

TBS wanahusikaje?

Shirika la Viwango Tanzania ndilo lenye mamlaka juu ya ubora wa bidhaa nchini. Bidhaa nyingi zinazoagizwa hutakiwa kukaguliwa huko zinakotoka kabla ya kupakiwa melini, na mwagizaji hupewa cheti cha ulinganifu. Mnunuzi wa helmeti moja hawezi kuonyeshwa makontena, lakini anayenunua kwa wingi, kama chama cha bodaboda au saccos yao, ana haki ya kumwomba mfanyabiashara nakala ya cheti hicho na kulinganisha modeli na zile zilizomo kwenye boksi. Tunawasihi viongozi wa vyama wafanye hivyo kila mara. Oda ya helmeti 50 ni fedha za kutosha kumfanya muuzaji atafute karatasi.

Nichukue ya uso mzima au ya wazi?

Uso mzima, yenye P. Anayeruka mbele ya usukani mara nyingi hutangulia na uso, na taya likivunjika matibabu yake ni marefu. Huku kwetu kuna sababu ya pili: baridi. Juni na Julai, alfajiri, kati ya Makambako na Njombe au ukipanda Kawetere kuelekea Chunya, uso ulio wazi unakufa ganzi, macho yanatoka machozi na mtu anaendesha nusu kipofu.

Malalamiko kwamba helmeti ya uso mzima inaziba masikio na pembeni ni ya kweli kwa helmeti mbovu. Iliyopimwa lazima iache upana wa kuona wa nyuzi 105 kila upande kutoka katikati.

Kofia ya mgodini au ya ujenzi inafaa kwa dharura?

Hapana. Imetengenezwa kuzuia jiwe au nyundo inayodondoka utosini. Pembeni na nyuma hakuna kitu, na mkanda wake si wa kuhimili kuburuzwa. Ya baiskeli pia hapana.

Saizi yangu naipimaje?

Chukua tepu ya fundi cherehani. Zungusha kichwa sentimita 2 hadi 2.5 juu ya nyusi, juu ya masikio, kupita pale nyuma palipotokeza zaidi. Pima mara tatu, chukua namba kubwa. Kwa kawaida sentimita 55–56 ni S, 57–58 ni M, 59–60 ni L, 61–62 ni XL, lakini kila kampuni ina jedwali lake, hivyo soma lebo.

Ivae dukani kwa dakika 10, usiwe na haraka. Mashavu yabanwe kidogo, kama mtu aliyejaza chakula mdomoni. Paji la uso lisiume. Kisha shika helmeti kwa mikono miwili uizungushe kushoto na kulia: ngozi ya paji itembee pamoja nayo. Ikizunguka peke yake, inapwaya. Bitana mpya hulegea kadiri siku zinavyokwenda, kwa hiyo inayokutosha kwa raha siku ya kwanza itapwaya baada ya miezi michache.

Mkanda ufungwe vipi? Kuna ulazima mwendo mfupi, tuseme Kabwe hadi Soweto?

Ulazima upo kuliko swali lolote lililotangulia. Helmeti yenye ECE 22.06 ambayo haijafungwa mkanda ni mzigo uliowekwa kichwani. Katika pigo la kwanza inaruka, na pigo la pili kichwa kiko wazi. Kipimo cha ECE huvuta mkanda kwa uzito wa kilo 10 unaodondoka mita 0.75, na mkanda usiteleze zaidi ya milimita 35. Kingine hujaribu kuing'oa helmeti kutoka nyuma kwenda mbele, isizunguke zaidi ya nyuzi 30. Vyote viwili vinafanyika ikiwa imefungwa, kwa hiyo usipofunga umejiondoa mwenyewe kwenye kiwango ulicholipia.

Jaribio la nyumbani: funga mkanda, nafasi ya kuingiza vidole viwili chini ya kidevu ibaki, si zaidi. Inamisha kichwa, mwenzako ashike ukingo wa nyuma na kuusukuma juu na mbele. Ikitoka, ni kubwa au mkanda umelegea.

Kwa mkanda wa pete mbili, pitisha ncha ndani ya pete zote mbili, igeuze juu ya pete ya kwanza, kisha irudishe ndani ya pete ya pili na kuvuta. Kifungo cha meno ni chepesi kwa abiria. Klipu ya plastiki ya kubana, ile kama ya begi la shule, ndiyo inayokufa mapema: vumbi la Usangu huingia kwenye meno na jua linaikausha. Ikianza kufunguka ukitikisa, ibadilishe siku hiyohiyo. Kufunga fundo kwa kamba ya kiatu hakusaidii.

Abiria wangu wanaikataa, wanasema inanuka au itawaambukiza.

Wana haki ya kulalamika, na dawa ipo. Nunua helmeti ya abiria yenye bitana inayotoka kwa vifungo. Kila wiki itoe, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mkono, ianike kivulini, si juu ya jiko la mkaa. Wakati wa masika Tukuyu na Rungwe haikauki kwa siku moja, kwa hiyo kuwa na bitana ya pili. Beba vikofia vyembamba vya nailoni vya kutumia mara moja, au mwombe abiria atumie mtandio wake mwembamba chini.

Lemba kubwa, wigi na rasta nene ni jambo jingine. Zinaiinua helmeti ikae utosini. Mweleze dada kwa heshima ashushe nywele nyuma ya shingo au alegeze lemba; helmeti ishuke hadi vidole viwili juu ya nyusi. Saizi moja haiwatoshi abiria wote. Kwa mwenye kichwa kidogo, kukaza mkanda hakuifanyi helmeti kubwa imtoshe; anahitaji saizi ndogo.

Trafiki akisimamisha bodaboda huangalia vichwa viwili, na lami haibagui aliyekaa nyuma.

Mtoto je?

Helmeti ya mtu mzima kwa mtoto ni hatari, kwa sababu uzito wake unavuta shingo na inapwaya. Zipo za watoto, sentimita 49 hadi 54. Mtoto ambaye miguu yake haifiki kwenye vikanyagio asipandishwe, hata ukiwa na helmeti yake.

Kioo cheusi kinaruhusiwa? Na ukungu unaoganda ndani naufanyaje?

Kwa ECE, kioo cha kutumika wakati wote lazima kipitishe mwanga angalau asilimia 80. Kinachopitisha chini ya hapo lazima kiwe na alama ya kutumika mchana tu. Sasa fikiria Isyonje saa kumi na mbili asubuhi, wingu limekaa barabarani na kioo chako ni cheusi. Nunua kioo cheupe. Cheusi kiwe cha akiba ya mchana.

Ukungu wa ndani unatokana na pumzi ya moto inapokutana na kioo cha baridi. Fungua tundu la kidevuni, inua kioo jino moja tu, na usizibe pua kwa skafu inayopandisha pumzi juu. Kuna kioo cha pili chembamba kinachobandikwa ndani, pinloki, nacho kinafanya kazi vizuri kuliko dawa zote. Ukikikosa, paka tone la sabuni ya maji ndani, acha dakika mbili, futa kwa kitambaa laini kikavu mpaka kiwe kisafi. Dawa ya meno inakwaruza. Petroli na thina zinaua plastiki ya kioo: hutoka nyufa ndogo kama utando wa buibui, na taa za gari linalokuja zinakupofusha.

Inadumu miaka mingapi? Ikianguka chini je?

Miaka mitano ya matumizi ni kipimo cha kawaida. Kwa bodaboda anayeivaa saa 12 kila siku, chini ya hapo. Jua la huku juu, mafuta ya nywele, jasho na mvua vyote vinakula gundi, bitana na povu. Tafuta mwezi na mwaka wa kutengenezwa ndani, usihesabu tangu siku ulipoinunua tu.

Helmeti tupu ikidondoka kutoka kwenye tanki la pikipiki, kwa kawaida haijafa, ikague. Ikigonga ikiwa na kichwa ndani, imekwisha, hata kama gamba halina ufa. Povu likishabonyea halirudi, na mahali palepale hapana tena zile sentimita za kusimamia kichwa.

Mambo mengine yanayoiua kimyakimya: kuitundika kwenye kioo cha pembeni, ambapo ncha inachimba povu, kuiweka juu ya dumu la petroli, kwa kuwa mvuke wake unayeyusha povu, kuipuliza rangi ya gari, kwa sababu thina inalegeza gamba la plastiki, na kuitoboa kwa skrubu ili kufunga kishikio cha simu au spika.

Mtumba unafaa?

Hatuupendekezi. Huwezi kuuona mgongano uliopita. Kama huna namna nyingine, toa bitana yote, tazama povu kwenye mwanga wa jua, tafuta mahali palipobonyea, palipong'aa au penye ufa, na soma mwaka. Za Japani zenye alama ya PSC na SG zinaweza kuwa za kiwango kizuri, ila baadhi zimeruhusiwa kwa pikipiki za cc 125 kushuka tu, nayo imeandikwa ndani.

Kweli inapunguza vifo, au ni mradi wa faini?

Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2008, uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali, uliona helmeti inapunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hazikuwa helmeti za ghali zote. Zilikuwa zimevaliwa.

Mwenzetu ameanguka na helmeti ipo kichwani. Tumvue?

Akiwa anapumua vizuri, msimvue. Fungua kioo, zungumza naye, mzuie asigeuze shingo, na piga 112. Helmeti hiyo inaishikilia shingo ambayo huenda imevunjika.

Akiwa hapumui, au anatapika na njia ya hewa imeziba, inabidi itolewe, na kazi hiyo ni ya watu wawili. Wa kwanza apige magoti pembeni, mkono mmoja chini ya taya, mwingine nyuma ya shingo, ashikilie kichwa na mwili vikae kwenye mstari mmoja. Wa pili akate mkanda kwa kisu au mkasi, akae upande wa utosini, atanue helmeti pande za masikio na kuivuta polepole, akiinamisha kidogo ipite pua na kisha kisogo. Wa kwanza asiachie hata sekunde moja. Msimkalishe, msimpakize kati ya watu wawili kwenye pikipiki nyingine.

Helmeti ipelekwe pamoja na majeruhi, iwe ni kituo cha afya cha jirani au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Daktari akiona ilipopasuka atajua pigo liliingilia wapi.